Siku Nilitia Muguu Yangu mu Presi ya Fromaji

Ni heri niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kule soko ya Bihambwe, sababu kule wanaongeza chumvi: ndiyo, ni kweli, nilitia muguu yangu mu presi ya fromaji, kile chombo cha kubana jibini. Muguu moja tu, ya kuume. Wale wanaosema nilitia yote mbili ni waongo, na wale wanaosema nilikuwa nimelewa ni waongo zaidi, sababu pombe siionje tangu nilibatizwa. Nilikuwa na akili yangu yote, na njo kitu kinanipa haya mpaka leo.

Kwa wale hawanijue, watu wananiita Papa Neema, juu ya mutoto wangu wa kwanza. Niko mutu wa Nyamitaba, nilizaliwa pale, na kazi yangu ni kukamua ng'ombe na kutengeneza fromaji, kazi niliipata kwa baba. Ukinipa maziwa nikainusa nitakuambia ng'ombe alikula majani ya juu ao ya bondeni (bibi yangu anasema ni uongo, lakini yeye ananusa nini, pua yake imejaa moshi ya jikoni). Kwa mambo ya maziwa mimi niko mutu wa kuheshimiwa. Shida ilianza siku nilifikiri kwamba mutu mwenye kujua maziwa anajua na mwili.

Neema alikuwa amepata muchumba, kijana wa heshima anaitwa Paluku, mutoto wa Papa Muhindo, mufanya biashara mwenye kutoka kule Butembo, ana duka na camion mbili za mizigo ku Masisi centre. Siku ya dote, ya kuleta mahari, ikapangwa, siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Sasa musikie vizuri, sababu hapa njo mambo yote inalala: kwetu mu famiya, siku ya dote, baba ya binti anapokea ugeni akiwa amesimama mulangoni, anashika mukono ya kila mutu, moja moja. Akiwapokea amekaa, maana yake amewakataa, na hakuna maneno tena, wanageuza gari. Baba yangu alipokea ugeni wa dada yangu akiwa na malaria kali, wanaume wawili wakimushikilia kwa nyuma, jasho inamutoka kama mvua, lakini alisimama. Hiyo hadithi nimeisikia maisha yangu yote. Kwa hiyo kazi yangu siku ile ilikuwa moja tu, kusimama, kazi hata mutoto wa mwaka moja anaiweza.

Lakini mimi nikajisumbua na viatu. Nilikuwa nafikiri, hawa ni watu wa duka, watu wa sakafu ya sima, wasikuje kusema mutoto wao anaoa mu matope. Nikanunua viatu nyeusi, yenye ncha, inang'aa mpaka unaweza kuchana nywele ndani yake. Zilikuwa zinabana kidogo, na siku ya ine asubuhi, ndiyo Alhamisi, siku mbili mbele ya dote, nikapata wazo (lile wazo, mungejua namna nilikuwa najipongeza): nitazivaa niende nazo kuchukua maziwa, zizoee muguu.

Bibi yangu aliniona natoka na bidoni ya maziwa mu mukono na vile viatu, akauliza, "Papa Neema, unaenda ku misa?"

Nikamuambia aangalie sufuria yake.

Sasa kwetu mulima iko mukali, na asubuhi majani iko na umande, na ng'ombe wamekanyaga mpaka wametengeneza vituta na mashimo kila pahali. Kushuka nilishuka vizuri. Kupanda, na lita kumi mu mukono, ile kiatu ikateleza, muguu ikapinda kwa ndani, nikasikia kitu kinasema ta, na nikajikuta nimekaa chini, maziwa inashuka bondeni bila mimi, na ng'ombe wote wamesimamisha kutafuna wananiangalia. Nilikaa pale kidogo, nikatazama kushoto na kuume kama kuna mutu ameona, hakukuwa mutu, nikashukuru Mungu. Kumbe nilikuwa nashukuru mapema.

Mbele nifike nyumbani, kifundo ya muguu ilikuwa imeanza kupanda. Bibi akasema twende ku centre de santé, kwa muganga. Mimi nikakataa, nikawaza watanifunga plâtre, plasta ngumu, mpaka ku goti na dote yetu itakuwa dote ya kilema. Nikavaa bote yangu ya kazi, kiatu kirefu cha mpira, na siku ya tano nzima nikatembea nayo, kuleta kuni, kupanga viti, kupanda na kushuka, nikisema muguu ikiona siibembelezi itaacha ujinga. Haikuacha. Jumamosi asubuhi nikavua bote kwa shida na nikaona kitu kama muhogo imesahauliwa mu shamba, imejaa, nyekundu, moto kweli, hata vidole imekuwa kama inashangaa. Kiatu ikakataa hata kuniangalia. Kukanyaga, nilikuwa naona nyota.

Ilibaki saa mbili ugeni ufike. Nikajikokota mpaka mu chumba ya fromaji kutafuta kimya, nikakaa ku kiti kifupi, na mbele yangu kulikuwa presi. Niwaeleze hii presi, niliitengeneza mwenyewe: mbao mbili, moja chini moja juu, na juu yake kunapita muti murefu, mwisho moja imefungwa ku ukuta, mwisho ingine, kule mbali, inaning'iniza mawe. Fromaji inakaa katikati ya mbao, mawe inavuta muti, muti inabana, na maji ya maziwa inatoka polepole, to, to, to, mu sahani. Nikaangalia ile maji inatoka. Nikaangalia muguu yangu. Nikasema mu roho: kuvimba ni nini, si ni maji? Na mimi kazi yangu ni nini, miaka hii yote, si ni kutoa maji?

Naapa mbele yenu, niliona kama ni Mungu ananionyesha.

Nikatoa fromaji, nikaosha mbao (niliziosha, muandike hiyo), nikafunga muguu na kitambaa safi, nikailaza kwa upande juu ya ubao ya chini. Nikaondoa jiwe moja, nikaacha moja, sababu mimi si mujinga. Muti nilikuwa nimeiegemeza na kijiti cha panda kule mbali, na kijiti nilikifunga kamba, kusudi nikikaa nikivute. Nikakaa, nikavuta. Kijiti kikaanguka, muti ikashuka, na mimi nikauma tai yangu nisipige kelele (ndiyo, nilikuwa nimeshavaa koti na tai). Halafu njo nikaona kwamba, ili kuinua ile muti, lazima mutu asimame kule mwisho, hatua tatu kutoka pale nilipokaa. Niliwaza kuingia. Kutoka sikuwaza hata kidogo.

Nikajaribu kuvuta muguu, haikuja. Nikasema basi, nitangoja bibi apite. Na baada ya kidogo maumivu ikaanza kupotea, vidole ikapoa, ikawa kama si ya mimi, na mimi pale nafurahi peke yangu, nasema iko inafanya kazi, nitaenda kufundisha hii mu vijiji ingine, hata Kibabi.

Ugeni ukafika mbele ya saa. Barabara ilikauka wiki ile, hawakukwama hata mara moja, pahali pa saa mbili wakafanya moja. Nikasikia gari, nikasikia vigelegele, nikasikia baba mudogo, yule ndugu ya baba yangu mwenye alikuwa musemaji wetu, anawaambia, "Karibuni, baba anakuja, anamalizia kidogo." Nikaita bibi kwa sauti ya chini. Nikaita kwa sauti ya katikati. Lakini wamama walikuwa wanaimba, na wamama ya kwetu wakiimba hata radi inangoja zamu yake.

Sasa mutu wa biashara hakae bure. Papa Muhindo, walimupa fromaji na chai akingoja mu kiwanja, sababu baba hajawapokea bado mulangoni, akaonja, akapenda, akauliza inatengenezwa wapi. Na bibi yangu, ambaye alinitafuta mu nyumba yote akanikosa, aliona ni njia nzuri ya kupoteza wakati, akasema kwa majivuno, "Mukuje niwaonyeshe." Nilisikia viatu mingi inakuja. Nilisikia mukono ku mulango. Nikasikia bibi anasema, "Na hapa njo Papa Neema anatengenezea fromaji yake," na mulango ikafunguka.

Niliona Papa Muhindo, murefu, na kofia, sahani mu mukono. Nyuma yake watu kama kumi na tano, kila mutu na kipande chake cha fromaji. Na wao wakaniona mimi, koti, tai, kiti kifupi, na muguu mu presi.

Nikajaribu kusimama. Ndiyo, musicheke, heshima ni heshima, nikajaribu kusimama na muguu iko imebanwa, na nikaanguka ubavu, nikabaki nimelala chini nimeshika muguu ya kiti. Papa Muhindo alikuwa na fromaji mu kinywa, akaacha kutafuna. Akaangalia presi, akaangalia sahani yake, akauliza pole pole kabisa, "Papa Neema, na hii?"

Nikamujibu kutoka chini, "Hiyo iko ya mwezi ulipita, Papa. Haijaguswa na mutu."

Akafikiri. Akameza. Mimi nasema mpaka leo kwamba ule ni upendo wa mukwe, sababu wengine niliwaona wanatema mu mukono.

Mwenye kuniokoa alikuwa shangazi ya Paluku, Mama Masika. Yeye iko infirmière, muuguzi wa miaka mingi, na alikuja amevaa kikwembe ya sikukuu, lakini alipita katikati ya watu akaamuru vijana wainue muti, akapiga magoti na kile kikwembe kizuri mu maji ya maziwa, akatwaa muguu yangu mu mikono yake. Akabonyeza mufupa moja moja, nyuma na mbele ya kifundo, akaniuliza kama nasikia vidole. Sikusikia. Akangoja. Damu ikarudi, na hapo nilisikia, jamani, nilisikia mpaka nikataja marehemu wote ya famiya.

"Mufupa haujavunjika," akasema. "Ni kamba zinazoshika mufupa, zimevutika. Ulikuwa unataka kufanya nini, Papa?"

Nikamuambia, kutoa maji.

Nilingoja achekelee. Hakuchekelea. Akanishika mukono akaiweka juu ya kifundo changu, akasema, "Unasikia joto?"

"Naisikia."

"Kwenu hapa, nyumba ya mutu ikianguka, munafanya nini?"

"Tunaita salongo," nikasema. "Watu wote wanakuja kufanya kazi pamoja."

"Wanakuja mikono mitupu?"

"Hapana. Na jembe, na maji, na udongo. Wengine wanaondoa yenye kuvunjika, wengine wanajenga."

"Na njia ya kwenda kwa ile nyumba inakuwaje?"

"Inajaa watu, huwezi hata kupita."

"Basi njo hii," akasema. "Inflamasio njo jina yake. Ulipoanguka, mwili wako uliita salongo. Mishipa ya damu ikafungua milango, damu ikaja mingi, njo joto na wekundu. Maji ikatoka ikajaa pale, njo kuvimba, na ile maji imewabeba wafanyakazi ndani yake, wadogo, huwezi kuwaona, wanaokota kilichokufa na kuita wenye kujenga. Na maumivu ni mulinzi wao, anakuambia usipite hapa, kuna kazi. Wewe ukamutukana mulinzi siku mbili, halafu leo ukaweka jiwe juu ya watu wako wote."

Mimi nilikuwa bado nimelala chini, na naangalia ule muguu, ule mubaya, ule mwekundu, ule nilikuwa naufichia wageni kama mwizi. Nikamuuliza, "Walianza saa ngapi?"

"Kazi?"

"Ndiyo."

"Palepale. Ulikuwa hujainuka."

Nikakumbuka nilivyokuwa nimekaa mu majani, naangalia kama mutu ameniona. Kumbe nilikuwa na kijiji kizima ndani ya kifundo, wameshatoka mbio na majembe, na hakuna mutu aliwaita, na mimi njo mwenye nyumba na sijui hata jina ya moja. Sina haya kusema, machozi ilinitoka. Wengine walifikiri ni muguu.

Mama Masika akasema leo nisikanyage, nilale, muguu ikae juu kupita moyo, ifungwe na bande kwa upole, si kwa mawe. Hapo baba mudogo akakohoa. Akasema kwa sauti ya chini, lakini mu ile chumba kila kitu kinasikika, "Lazima baba asimame. Asiposimama, sisi tumekataa."

Niliona Neema ku mulango, nyuma ya wote. Alikuwa amekuja kuona ni nini, na nguo yake ya dote, kilemba mu kichwa, na alikuwa ananiangalia, na uso yake ilikuwa inauliza kitu kimoja tu. Nikaweka mukono ku ukuta. Nikasema, nitasimama, hata ivunjike, nitasimama.

"Kaa," akasema Mama Masika.

"Nisipokaa?"

"Utasimama leo, na siku ya kumupeleka kanisani utabebwa."

Nilibaki katikati, sikai, sisimami, muguu moja hewani. Papa Muhindo alivua kofia. Akaangalia huku na huku, akavuta bidoni ya maziwa tupu, akaigeuza, akakaa juu yake na suti yake ya bei. Kisha akasema kwa baba mudogo, "Papa, mwenyeji anasimamia ugeni wenye kusimama. Sisi tumeshakaa. Sasa anamusimamia nani?"

Na watu wake wakakaa, moja moja, wengine ku bidoni, wengine ku mbao, wamama chini kabisa mu maji ya maziwa na vikwembe yao ya sikukuu. Baba mudogo akafikiri sana (ni mutu wa sheria, yule mzee), mwisho na yeye akakaa. Tukafanya dote mu chumba ya fromaji. Walinilaza ku benchi, muguu juu ya fromaji ine zenye kukauka, na kisigino changu kikitazama mukwe wangu usoni tangu salamu mpaka sala ya mwisho. Neema alipoletwa rasmi, na nyimbo na vigelegele, aliniona vile, akacheka na kulia pamoja, kilemba ikaanguka.

Presi niliichoma mbele ya watu, juma ile ile, na zile fromaji ine tukawapa nguruwe ya jirani. Haikusaidia. Ku soko mpaka leo mutu anainua fromaji yangu, anaigeuza, anauliza, "Hii ni ya kuume ao ya kushoto?" Namuambia bei tu.

Lakini zile wiki zilizofuata, mimi nilikuwa mutu mwingine. Nilikuwa nafunua bande asubuhi kuangalia, kama mutu anaenda kuangalia shamba. Ikawa nyeusi, halafu kama zambarau, halafu kijani, halafu manjano, na zile rangi zinashuka pole pole mpaka ku vidole, na Mama Masika, akipita kuniona, ananieleza kwamba ni takataka ya kazi inaondolewa. Alinikataza kukanda na nguvu. Alinipa kidonge cha maumivu, nikimeze na chakula, akanionya kwamba kinanyamazisha mulinzi lakini hakimalizi kazi, nisikimeze halafu nikapanda mulima. Alisema nile maharagi na sombe, majani ya muhogo, na maziwa yangu mwenyewe, sababu wajenzi wanataka udongo, na nilale, sababu wanajenga sana mutu akilala. Siku ine zilipopita akaanza kunichezesha kifundo, polepole, juu, chini, kuzunguka. Na alinifundisha kuogopa yenye kustahili: homa ikikuja, wekundu ukipanda muguu, vidole ikipoa, ao kuvimba ikikataa kuondoka, nimuite, sababu kuna salongo ingine inasahau kurudi nyumbani, inabaki inavunja na nyumba nzima. Hakuna siku alinifokea. Mimi ningejifokea.

Siku ya ndoa nilitembea na Neema tangu mulango ya kanisa mpaka mbele, na kanisa ya akina Paluku, ya Wakatoliki, iko ndefu, mwenye kuijenga hakuhurumia miguu ya mutu. Katikati akanibana mukono, akauliza, "Papa, inauma?"

Haikuuma. Nilisimamisha kidogo, watu walifikiri nimechoka, kumbe nilikuwa nakanyaga tu, nakanyaga tena, nasikia vile inanishika. Ilikuwa nzima, na hakuna hata moja ya wale wajenzi niliyemushukuru, na waliijenga chini ya jiwe langu. Nikaapa pale pale, mutoto wangu ameshika mukono yangu: sitaweka tena uzito juu ya kazi ambayo siijui, na siku mwili wangu utavimba tena pahali popote, nitakaa chini niwaache watu wangu wapite.